Hesabu ya Shimi na Hesabu ya Mchango Wenu

Maneno ya wanafunzi wetu wa chuo kikuu mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Mavivi. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa, juu wanachama wengi walikuwa shambani siku ile, na wafadhili wetu wako mbali.



Tumesimama hapa watatu, lakini mdomo ni mmoja. Jana usiku tulipatana kwamba hakuna atakayesema «mimi». Tutasema «sisi», juu makosa yalikuwa ya wote watatu, na faida pia ni ya wote.

Tunajua watu wanauliza nini. Kwenye soko, kwenye robine, pale moto zinapongojea abiria, tumesikia: makuta ya chama iliyoenda Butembo ilizaa nini? Wengine wamesema wazi kwamba shimi iliwashinda wale watoto, walikula minervali na kurudi na kaye. Hatukukasirika. Mtu aliyetoa mchango iko na haki ya kuuliza. Kuna mama hapa ndani aliyeuza kakao yake mbele haijakauka vizuri, akapoteza bei, ili mchango wa mwezi ufike kwa siku yake. Tunamwona pale alipokaa. Kwa hiyo leo tutatoa hesabu, na hatutaficha kitu.

Tuanze na mahali tulipotoka, juu wafadhili wetu hawajui yote.

Tangu mwezi wa 10 wa 2014, wakati mauaji yalipoanza huku kwetu Beni, hakuna hata mmoja wetu aliyesoma sekondari kwa mstari mmoja. Tulihama, tukarudi, tukahama tena. Mwaka mmoja tulisoma Oicha, mwaka mwingine Beni kwa majirani waliotupokea, tukiingia darasa saa za mchana juu asubuhi darasa lilikuwa la wenyewe. Mmoja wetu alipita Kasindi na familia yake, akafika Uganda, akapoteza mwaka mzima. Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2.200. Shule zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa, mara kwa ugonjwa, mara kwa risasi.

Hata hivyo tulipata diploma ya Serikali. Mlifurahi, mlitupigia vigelegele, na chama kikaamua kutulipia mwaka wa kwanza. Tukapanda gari kwenda Butembo, kilomita 54 kutoka Beni, na koti moja kwa watu watatu, juu hakuna aliyetuambia baridi ya kule iko namna gani.

Butembo iko na vyuo vingi. Wengi mnajua Université Catholique du Graben, iliyoanza 1989, na kuna vingine vya Serikali na vya makanisa. Jina la chuo chetu hatutalitaja leo, juu hatukuja kulaumu fasi yoyote. Tulikuja kujihesabia sisi wenyewe.

Mtu akiingia mwaka wa kwanza wa udaktari, wa kilimo au wa mifugo, somo moja linamngojea mlangoni: shimi ya jumla, ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita kemia. Haiulizi kama unapenda au hupendi. Ndani yake kuna atomu, jedwali la elementi, namna atomu zinavyoshikamana, moli, hesabu za mageuzi, myeyusho, asidi na besi. Ukishindwa kuielewa, masomo mengine yanayojengwa juu yake yanakuwa magumu: dawa, udongo, chakula, damu ya mtu.

Sisi tulidhani tunaijua. Kwenye sekondari tulikuwa tumekariri fomula nyingi. Asidi ya salfa tuliweza kuiandika hata gizani. Lakini asidi yenyewe hatukuiona, ila ile ya betri kwa mafundi wa magari. Chupa za maabara tulizijua kwa chaki tu: mwalimu anachora chupa kwenye tablo, anachora moto chini yake, anasema «sasa inachemka», nasi tunaandika kwamba imechemka. Hatumlaumu mwalimu yule. Naye alikuwa amehama kama sisi, na alifundisha kwa alichokuwa nacho.

Kwenye oditwari tulikuta watu wengi sana. Mwenye kuchelewa anasimama nyuma na kusikia nusu. Profesa alikuwa ametoka mbali, na somo zima lilibanwa ndani ya wiki chache, asubuhi na mchana. Kifaransa chake kilikuwa kinakimbia. Sisi tuliandika kila neno, na jioni tulilinganisha kaye zetu kama watu wanaolinganisha risiti. Tuliona kurasa zimejaa, tukatulia. Tulidhani kaye ikijaa, kichwa nacho kimejaa.

Kisha ikaja enterogasyo ya kwanza. Kwa wazazi ambao hawajui: alama ni juu ya 20, na mtu anapita akipata 10. Mmoja wetu alipata 9. Mwingine alipata 6. Wa tatu alipata 4.

Hapa ndipo kosa letu kubwa lilipoanza, na ni kubwa kuliko zile alama. Wiki ile ile, katibu wa chama alitutumia ujumbe akiuliza masomo yanaendaje. Tulikaa watatu juu ya kitanda kimoja, tukaangaliana, tukajibu: «Tunaendelea vizuri, Mungu ni mwema.» Chama kikasoma jibu lile mbele yenu, nanyi mkapiga mikono. Tuliposikia kwamba mlipiga mikono, hatukulala. Tunaomba msamaha mbele ya wote. Tulisema uongo kwa aibu, na uongo ule ulitufanya tukae miezi miwili bila kuomba msaada, wakati msaada ulikuwepo.

Sasa tuwaambie ni swali gani lilitushinda, juu mtashangaa.

Swali lilisema, kwa Kifaransa: uko na myeyusho wa klori wa asilimia 0,5, utahitaji lita ngapi ili kutengeneza lita 20 za asilimia 0,05? Kuna fomula yake, ya herufi C na V. Tulikuwa tumeikariri. Mmoja akaipindua, mwingine akasahau kugeuza lita, wa tatu akaacha karatasi nyeupe.

Wazazi, yule aliyeacha karatasi nyeupe, wakati wa Ebola alikuwa akimsaidia mjomba wake kwenye kizuizi cha kunawa mikono, kwenye njia ya Oicha. Kila asubuhi alikuwa anachukua lita 2 za klori kali, ile ya kusafishia vitu na vyumba vya wagonjwa, anaongeza lita 18 za maji, bidoni ya lita 20 inajaa, na ninyi wote mnanawa mikono. Lita 2 za asilimia 0,5 ndani ya lita 20 zinatoa asilimia 0,05. Ndiyo jibu. Alilifanya kwa mikono yake mara mia, na siku lilipokuja kwenye karatasi hakulitambua.

Tulipogundua hivyo, tuliona shida yetu haikuwa kwamba sisi ni wajinga. Shida ilikuwa kwamba tulikuwa na vyumba viwili ndani ya kichwa, kimoja cha shule na kimoja cha maisha, na katikati hakuna mlango.

Aliyetufungulia mlango ule ni asistenti mmoja wa somo. Tulimwendea tukiwa tumechelewa, na aibu mingi. Hakutugombeza. Alituuliza tu:

— Mnatoka wapi?

— Mavivi.

— Kule mnalimaka nini?

— Kakao.

— Mnauzaka namna gani? Munahesabia mnunuzi mbegu moja moja?

Tukacheka. Nani anahesabu mbegu za kakao? Tunapima kwa kilo.

— Sawa. Mbegu moja iliyokauka vizuri iko na uzito gani?

Tulijua, juu wanunuzi wenyewe huhesabu mbegu ngapi ziko ndani ya gramu 100 ili kujua kama kakao ni nzuri. Mbegu moja ni karibu gramu moja.

— Basi gunia la kilo 60 liko na mbegu ngapi?

— Karibu 60.000.

— Mumehesabu?

— Hapana. Tumepima.

— Moli ni vile vile. Atomu ni ndogo mno, hakuna wa kuzihesabu moja moja. Tunapima uzito, na uzito unatuambia hesabu.

Wazazi, tulikuwa tumekariri neno «moli» tangu mwaka wa tatu wa sekondari, na siku ile ndiyo ya kwanza kulielewa. Moli ni hesabu, kama vile tunavyosema dazeni tukimaanisha 12. Ila moli ni kubwa: ni 602 ikifuatwa na sifuri 21. Moli moja ya maji ni gramu 18, kijiko kikubwa kimoja na kitu kidogo. Ndani ya kijiko kile kuna chembe za maji kwa hesabu ile. Namna ya kupata 18 ni rahisi: idrojeni ni 1, ziko mbili, oksijeni ni 16, jumlisha. Ukijua kusoma jedwali la elementi, unajua kupima kitu chochote.

Na jedwali lenyewe, ambalo tulikuwa tunalikariri kama sala, asistenti alitusimulia lilivyozaliwa. Mrusi mmoja, Mendeleev, alilipanga 1869, wakati elementi nyingi zilikuwa hazijajulikana. Alipoona kitu hakipatani, hakulazimisha. Aliacha fasi tupu na kusema: hapa kutakuja elementi ya namna hii. Mwaka 1875 ikaonekana ya kwanza, galiamu, na ikakaa pale pale. Tulilipenda jambo lile. Sisi tulipokuwa hatujui tulijaza fasi kwa uongo. Yeye aliiacha wazi, wote wakaiona.

Tangu siku ile tulibadilisha namna ya kusoma. Tutaieleza, juu kuna wadogo zetu hapa ambao watafanya mtihani wa Serikali mwaka huu.

Kwanza, tuliacha kusoma kila mtu peke yake. Kila jioni mmoja alikuwa mwalimu wa wengine wawili. Alikuwa lazima aeleze somo la siku kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapokwama, kwa Kinande, bila kuangalia kaye. Akishindwa kulieleza kwa lugha ya nyumbani, tunajua hajaelewa, hata kama Kifaransa chake ni kizuri. Kisha tunarudi kuandika kwa Kifaransa, juu mtihani hautangojea.

Pili, tulifanya mazoezi kila siku, hata mawili tu. Shimi ya jumla nusu yake ni kanuni ya tatu, ile mnayotumia sokoni: kama kilo moja ni bei hii, kilo saba ni ngapi? Aliyekosa kanuni ya tatu kwenye shule ya msingi, shimi itamfukuza, naye atasema shimi ni ngumu.

Tatu, tuliandika kipimo nyuma ya kila namba. Gramu, lita, moli. Tulipochunguza karatasi zetu za zamani, tuliona alama nyingi zilipotea hapo: mtu alichanganya mililita na lita, jibu likatoka mara 1.000 zaidi. Kwenye karatasi unapoteza alama. Kwenye dawa ya mtoto, unapoteza mtoto.

Nne, tulikuwa na kaye moja ya makosa. Kila kosa tuliliandika, na sababu yake. Mwanzoni ilijaa haraka. Mwezi wa tatu, makosa mapya yakawa machache. Yaliyobaki yalikuwa yale yale yanarudi, na tukayajua kama mtu anavyojua mashimo ya njia yake.

Matokeo? Mwisho wa mwaka, wa kwanza alipata 14. Wa pili 11. Wa tatu, yule wa 4, alipata 9. Alipita masomo mengine yote, lakini shimi bado ni deni lake, na atarudia mtihani ule. Tunajua kwamba mkutano wa leo utaamua kama chama kitaendelea kumlipia. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Mbele ya hapo, turuhusuni kuongea juu ya sabuni.

Tuliporudi kwa likizo, tulikuta kikundi cha mamama cha chama kiko na shida. Mnajua: sabuni ya mawese waliyoipika ilikuwa siku moja inachoma mikono, siku nyingine inabaki na mafuta na kunuka. Wateja walianza kununua ya kutoka Beni. Mama mmoja aliyekuwa akiitumia kufulia alituonyesha vidole. Ngozi ilikuwa imetoka. Walikuwa wanapima soda kostiki kwa kikombe na kwa macho.

Tulikaa na karatasi. Chembe moja ya mafuta inahitaji chembe tatu za soda ili kugeuka sabuni, na inaachia gliserini. Moli moja ya mafuta ya mawese ni karibu gramu 850. Moli moja ya soda ni gramu 40, tatu ni 120. Basi kanuni ya tatu: gramu 850 za mafuta zinataka gramu 120 za soda, kilo moja inataka karibu gramu 141. Ukizidisha, soda inayobaki inakula mikono. Ukipunguza sana, mafuta yanabaki na kuoza. Wapishi wenye uzoefu hupunguza kidogo tu, sehemu 5 kwa 100, ili soda yote iishe. Tukapata gramu 134 za soda kwa kilo moja ya mawese, na maji karibu gramu 330.

Tuliwaambia mamama kwa kiburi: fanyeni hivi. Sabuni ikatoka laini kama ugali wa maji. Mamama walituangalia. Mmoja akasema: «Ndiyo chuo kikuu hicho?»

Tulirudi kwenye karatasi, hesabu ilikuwa sawa. Kisha tukaenda kuangalia soda yenyewe: ilikuwa imewekwa kwenye mfuko uliofunguka, na ilikuwa imelowa. Soda kostiki inavuta maji ya hewa. Tulikuwa tumepima gramu 134, lakini sehemu yake ilikuwa maji. Fomula inaongelea soda kavu, nasi hatukuuliza kama yetu ni kavu. Tulinunua nyingine, tukaifunga ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko, tukaazima mizani ndogo. Mara ya pili sabuni ilishika. Tuliiacha wiki nne ikauke mbele ya kuuza. Mama yule wa vidole ndiye aliyeijaribu wa kwanza, kwa hiari yake, na mikono yake iko hapa, mtu anaweza kumwomba aonyeshe.

Tuseme pia maneno mawili ya usalama, na tunaomba yachapwe. La kwanza: tia soda ndani ya maji, polepole, usimwage maji juu ya soda, juu inapanda moto na kuruka machoni. La pili: usitumie sufuria ya aluminyumu. Soda inakula aluminyumu na kutoa gesi ya idrojeni, ambayo inawaka. Ile sufuria ya kikundi iliyotoboka mwaka uliopita haikurogwa. Tumieni plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Na kakao ni shimi vile vile. Mnapofunika mbegu kwa majani ya migomba, chachu inageuza sukari ya ule ute kuwa pombe na hewa ya kaboni. Gramu 180 za sukari zinatoa gramu 92 za pombe na 88 za hewa. Jumlisha, hakuna gramu iliyopotea. Kisha mkigeuza rundo, hewa inaingia, bakteria wanageuza pombe kuwa siki, joto linapanda, na mbegu inakufa na kuanza kupata ladha. Kwa hiyo ule mama aliyeuza mbele ya wakati hakupoteza uzito tu. Aliuza mbegu ambayo kazi yake haijaisha, na alifanya hivyo kwa ajili yetu.

Sasa tunafika kwa maombi. Ni manne, na hatuombi yote yalipwe na wengine.

La kwanza. Tunaomba darasa la Jumamosi kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wetu na wa majirani, hata wale ambao bado hawajarudi kabisa na wanalala Beni. Tutafundisha sisi wenyewe wakati wa likizo, bure: kanuni ya tatu, vipimo, moli. Chama kitupatie chumba na ubao.

La pili, kwa wafadhili. Tunashukuru kwa minervali. Lakini mizani moja ndogo inayopima gramu, chupa chache za kupimia na jedwali moja kubwa la elementi la kutundika ukutani, vitatumika na darasa, na kikundi cha sabuni pia. Mwanafunzi atakayefika Butembo akiwa amekwisha kupima kitu kwa mikono yake hatashangaa kama sisi. Tunaomba pia kwamba makuta ya masomo ifike mbele ya mtihani. Mwanafunzi asiyelipa anabaki nje ya mlango, hata kama amesoma.

La tatu, juu ya uongo wetu. Tunaomba chama kisitegemee tena ujumbe wa simu. Kila baada ya mitihani tulete karatasi ya alama yenye muhuri, isomwe kwa komite, iwe nzuri au mbaya. Na mwanafunzi akileta 4, komite isianze na kugomba; ianze na kuuliza: umeshindwa wapi, na nani anaweza kukusaidia? Kama tungejua kwamba tutaulizwa hivyo, labda tungesema mapema.

La nne ni juu ya ndugu yetu mwenye 9. Hatuombi huruma. Tunaomba mpige hesabu. Alianza na 4, akafika 9, ndani ya mwaka mmoja ambamo miezi miwili tuliipoteza wenyewe. Ndiye aliyekuwa anachanganya klori yenu wakati watu walikuwa wanaogopa kushikana mikono. Ndiye aliyegundua kwamba soda ilikuwa imelowa, si sisi wawili wenye alama kubwa. Mkiamua kusimamisha msaada wake, tutaheshimu uamuzi, juu makuta ni yenu. Lakini sisi wawili tumepatana: likizo hii tutafanya kazi ya mashamba, na sehemu ya malipo yetu itaingia kwenye minervali yake. Tunaomba chama kiongeze iliyobaki, kwa mwaka mmoja tu. Akishindwa tena, yeye mwenyewe amesema atarudi kushika kazi ya sabuni na kuwalipa kidogo kidogo.

Kwa wazazi tuna ombi moja dogo, halihitaji makuta. Mtoto akirudi shuleni, msimuulize tu «umepata ngapi?» Mwambieni: «Nieleze ulichosoma leo.» Hata kama hujui kusoma, wewe ni mwalimu mzuri kwa swali hilo, juu mtoto asiyeelewa atakwama mbele yako, na atajua mwenyewe mahali alipokwama. Akwame jikoni kwako, mbele ya kufika oditwari.

Tunarudi Butembo wiki ijayo, njia ikiwa salama. Safari hii tuko na koti tatu. Tumebeba pia vipande kumi vya sabuni ya mamama, kimoja ni cha asistenti yule. Tutamwambia aipime.

 

Nyongeza ya komite: Baada ya maneno haya, mkutano ulijadili kwa muda mrefu, na si wote walikubaliana. Mwishoni, walio wengi waliinua mikono ili mwanafunzi wa tatu alipiwe mwaka mmoja, kwa masharti aliyoyataja mwenyewe. Darasa la Jumamosi litaanza katika chumba cha mikutano. Mizani bado ni ya kuazima.